Paja la Baba

Kitu cha kwanza alichokiona Komala ni kwamba baba yake alikuwa ameacha kuokota vitu. Kalamu ikianguka, Mzee Saurirajan aliitazama kidogo, kama mtu anayetazama treni isiyomhusu, kisha akaisogeza kwa kidole gumba cha mguu mpaka ikazama chini ya kochi. Kufikia mwezi wa tisa chini ya kochi lile palikuwa na kalamu nne, kifuko cha miwani, rimoti mbili na kitabu cha sala. Kitabu cha sala hakukipiga teke, la hasha, yeye ni mtu wa dini. Alikisukuma polepole, kisha akagusa macho yake kuomba radhi.

Kuchoka alikuwa na haki nako. Miaka thelathini na minne alikaa nyuma ya dirisha la tiketi katika stesheni ya Tiruchi, kusini mwa India, akiwaambia watu waende dirisha jingine. Alipostaafu alivishwa shada la maua, akapewa saa ya ukutani, akarudi nyumbani Srirangam, akakaa tena. Ukisema kweli, kazi ile ya reli ilifanywa na makalio yake; yeye aliyasindikiza tu.

Komala alikuwa na miaka ishirini na saba, mshona blauzi, mtu wa maneno machache. Aliiona ile kalamu ya kwanza, akaiona ya pili, akanyamaza. Angesema, mama yake angeanza kulia, shangazi angeleta mafuta ya kuchua, na baba angesema hana tatizo lolote. Basi akawa anaokota yeye, mpaka siku ya uchumba wake.

Siku hiyo wakwe walikuja kutoka Kumbakonam, watu kumi na wanne na sinia za tambuu, ndizi na nazi. Wakaketi kwenye mkeka, barua ya ndoa ikasomwa, wakasimama wote wabadilishane sinia. Wote isipokuwa baba wa binti. Mzee Sauri alitanguliza mkono, akatanguliza goti, akarudi chini. Akajaribu upande wa pili, akatoa sauti ambayo wakwe, kwa adabu zao, walijifanya imetoka kwenye feni. Mwishowe kaka yake na mjomba wa bwana harusi walimshika makwapa wakamsimamisha, kama kabati linalohamishwa.

Huyo kaka yake aliitwa Thirumalai, miaka sabini na miwili, mwembamba kama fito, na hakuna kitu duniani ambacho hakuwa na maoni juu yake. Wakwe walipoondoka tu, alikunywa kahawa, akafuta mdomo, akaanza.

"Sauri, mdogo wangu, leo umekaa peke yako dakika ishirini, tumekuinua kwa watu wawili. Siku ya harusi utakaa na bibi harusi pajani. Tuite winchi?"

"Nilikufa ganzi tu," akasema Mzee Sauri.

"Ganzi! Na yule ni binti mzima, si kikapu cha maua. Kuhani ana maneno marefu. Ukimwangusha mbele ya watu mia tatu, nani atatutazama tena?"

Kwao bibi harusi hafungwi uzi wa ndoa akiwa amesimama kama anayesubiri basi. Baba hukaa juu ya gunia la mpunga, binti hukaa juu ya paja la baba, na hapo ndipo bwana harusi anapomfunga uzi shingoni. Baba akishindwa, baba mkubwa hukaa badala yake, na thawabu zote za kumtoa binti humwendea yeye. Thirumalai alijaliwa wana watatu wa kiume, binti hata mmoja hakupata, na alikuwa hajamsamehe Mungu mpaka leo.

"Mimi nasema tu," akaendelea, kwa sauti ya mtu anayejitolea damu. "Mimi nyonga zangu nzima. Nitakaa. Kwa ajili ya familia."

"Kaka ana huruma sana," akasema mama yake Komala, na kwa jinsi alivyoiweka chini bilauri, ungefikiri huruma ni ugonjwa wa ngozi.

Wakajadiliana jioni ile nzima paja la nani litumike. Alichangia mama, alichangia shangazi, alichangia hata jirani aliyekuja kuazima jagi. Komala alikuwa pale pale akiwamiminia kahawa. Hakuna aliyemwuliza. Naye tangu utotoni alizoea kusema ndani ya kichwa chake, ambako hakuna anayemkatiza, kwa hiyo akaenda kuchemsha maziwa mengine.

Kesho yake walimpeleka mzee kwa daktari. Daktari, kijana mmoja mwenye haraka, alimgeuzageuza miguu kama anayefungua bomba lenye kutu.

"Mfupa hauna neno, mzee. Misuli ndiyo imelala. Ya nyonga na ya makalio."

Mama yake Komala alikohoa kwa nguvu ili neno lile lisisikike na wagonjwa wengine. Nyumbani, shangazi alipouliza daktari kasema nini, aliambiwa tatizo ni "huko nyuma". Shangazi akaelewa ni madhambi ya maisha yaliyopita, akaenda hekaluni kuwasha taa mbili.

Dawa aliyoandikiwa ilikuwa yoga. Hapo Mzee Sauri alikasirika kweli.

"Mimi? Nifundishwe yoga? Yoga ni yetu! Wazungu wanavuka bahari kuja kuitafuta hapa!"

Na ni kweli, miaka thelathini na minne aliwaambia hivyo abiria, hasa wale wageni wenye mikeka mgongoni, kabla ya kuwaelekeza dirisha jingine. Hajawahi kunyanyua mguu hata siku moja. Kwa imani yake yoga ilikuwa imo damuni tayari, kama kundi la damu, na mtu hafanyi mazoezi ya kundi la damu.

"Basi iamshe hiyo iliyomo damuni, Baba Komala," akasema mkewe, "tuone kama itakusimamisha. Au nimwambie kaka yako aanze kushona nguo ya kukalia?"

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, mzee alikuwa juu ya dari ya Mwalimu Rajamani, lile paa bapa la nyumba yake.

Mwalimu Rajamani alikuwa Mtelugu wa mtaa wa pili, si Mtamili kama wao, mama mjane wa miaka sitini na minane, aliyefundisha mazoezi katika shule ya wasichana mpaka akastaafu bila kujua maana ya neno kustaafu. Darini kwake walikuja wanawake kumi na mmoja. Wanaume hakuwapokea, alisema wanapenda kueleza kuliko kufanya. Mzee Sauri alikubaliwa kwa masharti mawili: alale mwisho wa mstari karibu na tangi la maji, na atazame mbinguni. Mama yake Komala akaongeza la tatu, kwamba Komala aende naye, maana mume wa mtu hawezi kulala peke yake kati ya wanawake kumi na mmoja, hata kama wote wana nyavu za nywele na meno ya bandia.

"Lala chali," akaamuru Mwalimu. "Kunja magoti. Nyayo chini. Sasa nyanyua nyonga. Hilo ni daraja."

Wakanyanyua.

"Nimenyanyua, Mwalimu," ikasikika sauti kutoka kwenye tangi.

"Umenyanyua nyusi, mzee. Mimi nataka nyonga. Kaza makalio."

"Yapi?"

"Kwani unayo mangapi?"

Wanawake kumi na mmoja waliuma mitandio yao ya mabegani ili wasicheke. Watu wa miaka hamsini, sitini, mabibi wenye wajukuu, walikuwa wanatetemeka juu ya madaraja yao mpaka daraja moja likaanguka. Komala aliyaangalia mawingu. Alijua baba yake hakuwa anatania. Mtu hawezi kukaza kitu ambacho kwa miaka yote hiyo alikichukulia kuwa sehemu ya kiti.

Siku zikaenda. Walilala kifudifudi wakanyanyua miguu kama panzi. Walilala ubavu wakapandisha mguu wa juu na kuushusha polepole, jambo ambalo linaonekana la kitoto mpaka unapofika mara ya kumi na mbili, ambapo watu huanza kuwakumbuka marehemu wao. Kisha kulikuwa na kiti. Unasimama, unashuka kama unayetaka kukaa, na hukai, kwa sababu hakuna kiti.

"Hapa nina uzoefu," akasema Mzee Sauri, akifurahi kwa mara ya kwanza. "Kukaa ndiyo kazi yangu."

Akadumu sekunde nne.

"Sikiliza, mzee," Mwalimu akamwambia akiwa chini. "Unafikiri paja ndilo litakalombeba binti yako? Paja ni ubao tu. Nyonga ndiyo inashika ubao, na makalio ndiyo msingi wa nyumba. Wewe msingi wako umegeuka godoro. Inuka, tena."

Mstari wa nyuma, Komala alikuwa ameshuka kwenye kiti chake kisichokuwepo na bado yuko huko. Alihesabu pumzi ishirini, akahesabu thelathini. Miguu iliwaka moto lakini hakutaka kusimama, kwa kuwa akisimama wa kwanza watamwona, na akisimama wa mwisho watamwona vilevile. Mwalimu alipita, akamgusa nyonga kwa kiganja, akasema, "Huyu anaweza," akapita. Komala alilibeba neno hilo wiki nzima bila kumwonyesha mtu.

Mwalimu hakutosheka na darini. Alimpa mzee kazi ya nyumbani.

"Umewahi kuona bibi wa miaka themanini mtaani kwenu ameshindwa kuchuchumaa? Hujaona. Kwa nini? Kila alfajiri tangu ana miaka saba anachuchumaa mlangoni kuchora maua ya unga wa mchele. Na wewe uchore."

"Hiyo ni kazi ya wanawake, Mwalimu."

"Kusimama pia nadhani ni kazi ya wanawake, maana wao wanaweza."

Basi mtaa wa Srirangam ukaona jambo ambalo haujaliona tangu hekalu lijengwe: mstaafu wa reli, amekunja shuka yake ya kiunoni mpaka magotini, amechuchumaa kizingitini na bakuli la unga. Nukta alizipanga sawasawa, kwa mistari, kama mtu wa ratiba. Ila kuziunganisha, hapo mambo yaliharibika.

"Mama Komala anaumwa?" akauliza jirani wa kwanza, mwenye ndoo.

"Haumwi," akajibu mzee bila kuinua kichwa.

"Basi ni adhabu?"

"Ni mazoezi!"

"Hilo ni ua au ramani ya reli?" akauliza wa pili.

"Ni reli," akasema wa kwanza. "Angalia, pale treni imeacha njia."

Sisimizi peke yao hawakuwa na neno. Waliila kazi yake ya sanaa kila asubuhi kwa moyo mmoja.

Lakini kitu fulani kilianza kuamka. Mwezi wa tatu wa mazoezi, wakiwa wanakula wali wa mtindi, kijiko kilianguka. Mzee Sauri alikitazama. Mkewe aliacha kutafuna. Mzee akashuka, polepole, mgongo wima, nyonga nyuma, akakiokota. Akakiweka mezani. Kisha, kwa kuwa aliona kama hawakuangalia vizuri, akakidondosha tena makusudi, akakiokota mara ya pili.

"Tumeona," akasema mkewe. "Utakivunja."

Hapo ndipo lilipoingia gunia. Lilikuwa la mchele, kilo ishirini na tano, halafu likaongezwa kilo tano, halafu tano nyingine. Mzee alikaa kila jioni juu ya bunda la magodoro, akalipakata gunia lile pajani, akalishika kiuno, akafumba macho akimumunya maneno ya kuhani. Alilipakata kwenye paja la kushoto. Nyonga yake ya kulia ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, goti lake likikataa kulala akikunja miguu, limesimama kama hema, basi hakuona sababu ya kuisumbua. Mwalimu Rajamani alimwambia mara tatu, "Mzee, zoezi ni pande zote mbili."

"Binti ninaye mmoja tu, Mwalimu," akamjibu, akacheka sana, maana alijiona ameweza kumshinda Mwalimu kwa maneno, ushindi ambao haukuwa na mazoezi ndani yake.

Mwalimu alikuwa Mtelugu, mila za harusi zao hakuzijua, akamwacha. Darini walipofanya upande wa kulia, mzee alifanya nusu nusu, nusu nyingine akaitumia kutazama mbinguni kama sharti lilivyosema.

Wiki mbili kabla ya harusi, Thirumalai alikuja kuona maendeleo. Alimkuta mdogo wake amepakata gunia. Akasimama mlangoni. Macho yake yakaenda kwenye gunia, yakaenda kwenye paja la kushoto, yakatulia pale, kama ya mtu aliyeona fenesi limeiva kwenye uwanja wa jirani na jirani kasafiri.

"Vizuri sana, Sauri," akasema. "Nimefurahi. Endelea hivyo hivyo. Usibadilishe kitu."

Akanywa kahawa mbili, akawasifu mpaka sufuria, akaondoka.

"Leo kaka yako mtamu," akasema mama yake Komala, akimsindikiza kwa macho.

"Ameona juhudi," akasema mzee, na jasho likimtiririka kwa fahari.

Komala, akiosha bilauri, alifikiri kwamba katika maisha yake yote hajamsikia baba mkubwa akimsifu mtu yeyote aliye hai. Jambo hilo lilimkaa. Lakini alijiambia labda uzee unamlainisha. Watu wakimya nao hukosea, ila makosa yao hayasikiki.

Siku ya harusi saa njema ilikuwa kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi. Ukumbi ulijaa. Komala alikuwa amevikwa sari ya hariri ya yadi tisa, imepitishwa katikati ya miguu na kukazwa kiunoni, uzito wake peke yake ungemtosha mzee wa kawaida. Gunia la mpunga liliwekwa mbele ya moto. Mzee Sauri alitembea mpaka pale, hakushikwa na mtu, akashuka, akakaa. Minong'ono ya mshangao ikapita ukumbini. Mwalimu Rajamani, safu ya nne, na wanawake kumi na mmoja wa darini pembeni yake, alikunja mikono kama kocha.

Mzee akapiga paja lake la kushoto. "Njoo, mwanangu."

"La kulia," akasema kuhani.

"Nini la kulia?"

"Paja. Kushoto hukaa mke. Binti hukaa kulia. Au wenzetu mmeleta mila mpya kutoka stesheni?"

Watu walicheka. Mzee Sauri hakucheka. Uso wake ulijifunga kama dirisha la tiketi saa ya chakula.

Na hapo hapo, kwa bahati tu, Thirumalai akatokea pembeni ya moto. Kwa bahati tu alikuwa amevaa shuka mpya ya pindo la dhahabu, imefungwa ile namna ya sherehe ambayo huchukua robo saa kuifunga.

"Nilidhani unajua," akamwambia mdogo wake kwa huzuni kubwa. "Jambo hili hata mtoto wa shule analijua. Niliona ukiweka gunia kushoto nikasema, aa, labda ni zoezi maalumu."

"Uliona na ukanyamaza!" akasema mama yake Komala.

"Shemeji, siku ya leo si ya maneno. Saa njema inakwisha. Sauri, nipishe."

"Amueni," akasema kuhani, akitazama simu yake. "Ninayo harusi nyingine saa sita."

Mzee Sauri aliangalia goti lake la kulia. Lilikuwa limesimama kama hema, vilevile. Alilikandamiza kwa kiganja, likashuka, alipoachia likapanda. Akaweka mikono yake juu ya mpunga, na Komala akaona kwamba alikuwa anajiandaa kuondoka pale.

Hakumwacha aondoke. Alipita mbele ya baba mkubwa, hariri yote ile ikiunguruma, akageuka, akashuka juu ya paja la kulia.

Yaani, watu walidhani ameshuka juu yake. Miguu yake ilikuwa imara chini, nyonga nyuma, mgongo wima, makalio yamekazwa, na kati yake na paja la baba yake palikuwa na hewa ya unene wa kidole. Sari ya yadi tisa imewasitiri wanawake mambo mengi tangu ianze kuvaliwa, na hili halikuwa kubwa kuliko yote.

"Haya," akasema kuhani, na yeye aliyekuwa na haraka sasa akakohoa, akajipanga, akaanza kutaja majina ya mababu wa pande zote mbili, vizazi vitatu, polepole, kwa mapambo.

Komala akahesabu pumzi. Ishirini. Wakamwekea nazi mikononi, mikono ya baba yake chini ya mikono yake, maji yakamiminwa juu. Thelathini. Huko darini wangekuwa wameshasimama, wakinyoosha miguu na kulalamika. Arobaini. Mapaja yalianza kutetemeka, na bangili zake zikaanza kulia zenyewe. Mukundan, bwana harusi, alidhani ni hofu ya ndoa, akamtolea tabasamu la kumtuliza. Kijana mwema. Alikuwa na mengi ya kujifunza.

"Komala," baba yake akanong'ona nyuma ya sikio lake.

"Naam, Baba."

"Mbona mwepesi kuliko gunia?"

Komala akaendelea kuhesabu.

"Umekaa au unaning'inia?"

"Nimekaa."

"Mwalimu wako na wangu ni mmoja. Kiti kisicho na kiti nakijua. Kaa."

"Nyonga yako, Baba."

"Miezi minne nimelala kando ya tangi la maji na wanawake kumi na mmoja," akanong'ona mzee, na sauti yake ilikuwa na hasira halisi. "Mtaa mzima umenicheka na unga wangu. Nilifanya yote hayo ili nije kubeba hewa? Kaa chini, mwanangu."

Komala akakaa.

Alisikia kitu kikilia ndani ya nyonga ile, ta, kama ufunguo kwenye kufuli kongwe. Paja likazama. Likazama tena kidogo, na baba yake akavuta pumzi ndefu kupitia meno. Goti lililokataa kulala miezi minne lilikuwa linalala sasa, kwa lazima, mbele ya watu mia tatu. Kutoka safu ya nne ikatoka sauti iliyozoea viwanja vya shule:

"Kaza, mzee! Makalio!"

Neno lile lilizunguka ukumbi mzima na kurudi. Shangazi alifunika uso. Kuhani alipoteza babu mmoja katikati ya orodha, ikambidi amrudie. Mama yake Komala, ambaye kwa miezi minne hakuwahi kulitamka, alisimama na kusema waziwazi, "Yakaze, Baba Komala!"

Na paja likasimama. Komala alihisi chini yake likiacha kuzama, likiwa gumu, likitetemeka lakini haliendi popote. Mkono wa baba yake ukamzunguka kiuno, si kama alivyokuwa akilishika gunia. Gunia alilishika kwa ustadi zaidi. Ngoma na zumari vikalipuka. Mukundan akafunga fundo la kwanza, dada yake akafunga la pili na la tatu, mchele wa manjano ukanyesha juu yao, na mzee hakumwangusha. Komala alijiachia kwa uzito wake wote, na hariri yote, na dhahabu yote, akabaki pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Kisha akasimama. Baba yake hakusimama.

Alikuwa amekaa juu ya gunia la mpunga, mguu wa kulia umenyooka mbele kama mguu wa mtu mwingine, machozi yakimtoka, na alikuwa anacheka. Watu walianza kusogea. Wa kwanza kufika alikuwa Thirumalai, mkono umetangulia, sura ya msamaha.

"Umeona sasa?" akasema kwa sauti ambayo na wa nyuma wangeipata. "Ungeniachia mimi tangu mwanzo, saa hizi tungekuwa kwenye majani ya migomba tunakula. Umejiumiza bure, na mtoto wa watu umemtetemesha mpaka bangili. Hata yeye mwenyewe angependa akae mahali pa uhakika. Si ndiyo, Komala?"

Lilikuwa swali la kwanza ambalo mtu alimwuliza juu ya jambo lile tangu siku ya uchumba. Halikuwa linangoja jibu. Baba mkubwa alikuwa ameshageuka kumshika mdogo wake kwapa.

"Hapana, Baba mkubwa," akasema Komala.

Alisema kwa sauti. Mpiga zumari alishusha zumari yake. Mama yake akageuka, Mukundan akageuka, na kuhani, aliyekuwa anakusanya nazi zake, akabaki na moja mkononi.

"Unasemaje?" akauliza Thirumalai.

Komala alikuwa na haya mpaka masikio yanamwaka. Aliinama, nyonga nyuma, mgongo wima, akamshika baba yake mikono yote miwili.

"Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema," akasema. "Hata kama ningeangushwa, nilitaka aniangushe yeye."